Inawaka vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inamisi: kisa cha injini iliyotoka ovaholi

Injini yenyewe ni ya petroli, silinda nne, valvu 16, kamshafti mbili juu (mihimili inayofungua valvu), mkanda wa taimingi na koili mbili. Gari lilichemsha, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikapinda, na mwenye gari akaona afadhali afanye ovaholi nzima kuliko kubadilisha gasketi peke yake. Silinda zikachongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi ya milimita 0.50, ringi mpya, beringi mpya za krenki na za konrodi, pampu mpya ya oili. Hedi ikaskimiwa (uso wake ukasawazishwa kwa mashine), siti za valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga, zikakatwa, valvu zikasagwa, sili za valvu zikabadilishwa. Kwa macho tu, kazi ilikuwa safi: hakuna oili inayovuja, bolti zote zipo mahali pake, waya zimefungwa vizuri.

Tatizo lilijitokeza tangu wiki ya kwanza. Asubuhi injini inawaka mara moja na kukaa sailensa, yaani kunguruma bila kukanyagwa mafuta, bila kutetemeka. Ikishatembea kiasi cha robo saa na kufika joto lake la kazi, sailensa inaanza kuyumba, usukani unatikisika gari likiwa limesimama, na kwenye mlima nguvu inapungua. Ukiizima kwa dakika chache kisha ukapiga stata, inazunguka kwa muda mrefu ndipo iwake. Ukiiacha ipoe kabisa, inarudi kuwa nzima kama hakuna kilichotokea. Taa ya injini ilikuwa inawaka, na kompyuta ya gari ilikuwa imehifadhi misimbo mitatu: P0300, P0302 na P0303. Maana yake ni kwamba injini inamisi, yaani kuna silinda ambayo mafuta yake hayaungui inavyotakiwa, na silinda zinazotajwa ni ya 2 na ya 3.

Kabla gari halijanifikia, zilishabadilishwa plagi, waya za plagi, koili moja na pampu ya mafuta, na nozeli zikasafishwa. Kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, ilipimwa na kuonekana sawa. Mwishowe mwenye gari akaambiwa ringi hazijakaa, aendelee kuendesha zitakaa zenyewe. Alipoendelea na hali ikazidi, ushauri ukageuka: gasketi ya hedi imepasuka kati ya silinda ya 2 na ya 3, hedi ifunguliwe upya.

Hakuna hata moja kati ya dhana hizo iliyokuwa ya kipuuzi, ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuandikwa kirefu. Kila moja ilikuwa na sababu.

Tuanze na koili. Katika injini za aina hii koili moja hulisha plagi za silinda ya 1 na ya 4, na nyingine hulisha ya 2 na ya 3. Silinda mbili zikimisi pamoja, na zikawa ni zile zinazolishwa na koili moja, fundi yeyote angeitazama koili kwanza. Isitoshe, koili inayokufa ina tabia hiyohiyo ya kufanya kazi ikiwa baridi na kugoma ikipata moto, kwa sababu nyaya za ndani hutanuka na insulesheni iliyochoka huachia umeme. Kwa hiyo kununua koili mpya kulikuwa na mantiki. Kilichokosekana ni jaribio dogo kabla ya kufungua pochi: koili hizo mbili zinafanana, unazibadilishana nafasi. Kosa likihamia silinda ya 1 na ya 4, koili ndiyo mbaya. Likibaki palepale, koili ni nzima. Nililifanya jaribio hilo kwa koili ya zamani, ambayo mwenye gari alikuwa ameihifadhi kwenye buti. Misi ilibaki kwenye 2 na 3.

Pampu ya mafuta nayo ilibadilishwa kwa sababu inayoeleweka. Kifaa cha kusomea kompyuta kilionyesha kwamba injini ikiwa ya moto, kompyuta inaongeza mafuta kupita kiasi cha kawaida, dalili ambayo wengi huisoma kuwa mafuta hayafiki ya kutosha. Lakini silinda inayomisi husukuma hewa ambayo haikuungua moja kwa moja hadi kwenye ekzosi. Sensa ya oksijeni haioni petroli iliyobaki, inaona oksijeni. Inaiarifu kompyuta kwamba mchanganyiko ni mwepesi, na kompyuta inatii kwa kuongeza mafuta. Namba ile ilikuwa tokeo la misi, ikasomwa kana kwamba ndiyo chanzo. Presha ya mafuta niliipima baridi na moto, haikubadilika.

Kuhusu ringi, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu la "ringi hazijakaa" hutolewa mno baada ya ovaholi na limeua injini nyingi ambazo zingeokolewa mapema. Ni kweli ringi mpya huhitaji kilomita mia kadhaa za kwanza ili zisuguane na kuta za silinda na kuziba vizuri. Ila ringi ambazo hazijakaa zina dalili zake. Injini hula oili, moshi wa bluu hutoka, na hewa nyingi hupanda kupitia krenki na kutokea kwenye bomba la kupumulia. Hali hiyo huwa mbaya zaidi injini ikiwa baridi na hupungua ikipata moto, kwa kuwa pistoni hutanuka na oili hufika kila mahali. Tena ringi za silinda zote nne zilifungwa siku moja, na mkono mmoja, kwenye silinda zilizochongwa na mashine moja. Hazina sababu ya kuchagua silinda mbili za katikati. Gari hili halikuwa linakula oili, na bomba la kupumulia lilitoa pumzi ndogo ya kawaida.

Gasketi ndiyo dhana iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Silinda mbili jirani zikishuka kompresheni pamoja, hicho ndicho kinachofundishwa: gasketi imeliwa kwenye ukuta mwembamba kati yake. Na hedi hii ilikuwa imepinda kabla. Ningekuwa mwenye gari ningeiamini.

Lakini injini iliyotoka ovaholi haichunguzwi sawasawa na injini iliyochoka. Kwenye injini ya zamani swali huwa ni nini kimekufa. Kwenye hii, karibu kila kitu ni kipya na mengi yamepimwa upya, kwa hiyo nauliza kazi imebadilisha nini, na katika vilivyobadilika kipi hakikurudishwa kwenye kipimo chake. Niliandika orodha: kipenyo cha silinda, ringi, beringi, pampu ya oili, unene wa hedi, siti za valvu, mkanda wa taimingi. Kisha nikaongeza swali la pili, ambalo ndilo lililoamua kisa: katika hivi, kipi kinageuka tabia kwa joto?

Presha ya oili nilianza nayo, si kwa sababu niliishuku, ila kwa sababu ikiwa iko chini hakuna haja ya kuendelea kuwasha injini. Niliondoa swichi ya oili, nikafunga geji ya mshale mahali pake. Ikiwa ya moto, presha ya sailensa ilikuwa nzuri na ikapanda vizuri mizunguko ilipofika 3,000 kwa dakika. Beringi na pampu zikatoka kwenye orodha. Taimingi ya mkanda ikikosea jino moja huumiza silinda zote nne, si mbili, nayo haijui kama injini ni baridi au moto. Niliiweka pembeni nikijua nitaiona kwa macho nikifungua kava ya valvu.

Kilichofuata ni geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya injini kuvuta hewa, kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Ni kifaa cha bei ndogo, hakina kompyuta, na wengi wamekisahau. Injini nzima katika maeneo yasiyo na mwinuko mkubwa husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki ikiwa sailensa, na mshale hutulia. Ukipanda milimani usomaji hushuka kama inchi moja kwa kila futi 1,000, kwa hiyo namba yenyewe si muhimu kama mwendo wa mshale. Gari likiwa baridi mshale ulikaa kwenye 19 bila kutikisika. Niliacha injini ipate moto huku nikiutazama. Feni ya rejeta ilipoanza kuzunguka, mshale ulikuwa umeshuka hadi 16, na ukaanza kudondoka na kurudi, kudondoka na kurudi, kwa mapigo yanayolingana. Mdondoko wenye mpigo sawa ni lugha ya valvu. Gasketi iliyopasuka kati ya silinda mbili pia huweza kuangusha mshale, na kwa kina zaidi, kwa hiyo sikufunga mjadala hapo.

Sasa kompresheni. Nilimuuliza mwenye gari ilipimwa vipi mara ya kwanza. "Fundi, niliacha gari usiku, wakapima asubuhi," akasema. Namba alikuwa nazo kwenye karatasi: 172, 168, 170 na 174 kwa psi. Ni namba nzuri, na zilikuwa za kweli. Zilipimwa wakati ambapo injini haina ugonjwa.

Nilizipima injini ikiwa ya moto. Kupima namna hii kunataka mpangilio, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na plagi ikifunguliwa injini ikiwa ya moto mno, nyuzi za hedi huweza kutoka nayo. Nilipasha injini mpaka ikaanza kumisi, nikazilegeza plagi robo mzunguko taratibu, nikasubiri kidogo, ndipo nikazitoa. Fyuzi ya pampu ya mafuta nje, soketi za koili zimechomolewa, betri imejaa chaji, na msaidizi anakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini ili hewa iingie bila kizuizi. Kila silinda ilipewa idadi ileile ya mizunguko ya stata. Silinda ya 1 ilisoma 184. Ya 2 ikasoma 118. Ya 3, 132. Ya 4, 182.

Angalia kilichotokea: 1 na 4 zimepanda kuliko zilivyokuwa baridi, kama injini yenye afya inavyotakiwa, na 2 na 3 zimeanguka. Injini moja, asubuhi na mchana, namba tofauti kabisa.

Niliweka oili kiasi cha kijiko ndani ya silinda ya 2 na kupima tena. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda, kwa hiyo kompresheni ikipanda sana ringi ndizo zenye shida. Ilipanda hadi 124. Nilifanya hivyohivyo kwenye silinda ya 1, ambayo ni nzima, nayo ikapanda kwa kiasi kama hicho. Hatua hii ya kulinganisha na silinda nzima hurukwa mara nyingi, na bila hiyo mtu angeweza kuona zile psi 6 akasema ringi zina mchango. Hazikuwa na mchango wowote.

Zikabaki valvu au gasketi. Hapa ndipo kipimo cha uvujaji kinapolipa gharama yake. Unaleta pistoni juu kabisa kwenye kipigo cha kubana, valvu zote zikiwa zimefunga, unaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi kwa psi 100, na geji ya pili inakuonyesha asilimia inayopotea. Shikilia puli ya krenki kwa spana imara, kwani hewa inaweza kuisukuma pistoni na kuzungusha injini, na mkono uliokuwa kwenye mkanda utaumia. Injini nzima hupoteza chini ya asilimia 10 hivi, na iliyotumika kidogo zaidi ya hapo. Silinda ya 1 ilipoteza 8 na ya 4 ilipoteza 7, namba nzuri sana kwa ringi mpya. Silinda ya 2 ilipoteza 41, na ya 3 ilipoteza 29.

Asilimia peke yake haitoshi. Faida kubwa ya kipimo hiki ni sikio, maana hewa inayovuja lazima itokee mahali. Ikitokea kwenye mdomo wa oili, ni ringi. Ikitokea kwenye throtali, mlango wa hewa ya injini, ni valvu ya inleti. Kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Kwenye maji ya rejeta, au kwenye tundu la plagi la silinda jirani, ni gasketi au ufa. Nikiwa na hewa ndani ya silinda ya 2, niliweka kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu la silinda ya 3. Hakikusogea. Nikakiweka juu ya tundu la silinda ya 1, kimya. Kopo la maji ya akiba halikutoa hata povu moja. Kizibo cha rejeta chenyewe sikukigusa maadamu kulikuwa na moto. Mdomo wa oili ulikuwa na pumzi hafifu tu. Kisha msaidizi akainama nyuma ya gari na kuweka kiganja kwenye bomba la ekzosi. Hewa ilikuwa inatoka wazi, na ukisogeza sikio unasikia mluzi mwembamba. Silinda ya 3 ilitoa jibu lilelile.

Gasketi ilikuwa nzima. Kama hedi ingefunguliwa kwa ajili yake, ingewekwa gasketi mpya, ikafungwa, na ugonjwa ungerudi baada ya robo saa ya kwanza barabarani.

Tuliliacha gari lipoe hadi kesho yake, nikarudia kipimo kwenye silinda ya 2 kabla ya kugusa kingine, safari hii kizibo cha rejeta kikiwa wazi. Uvujaji ulikuwa asilimia 13, na maji hayakupanda wala kushuka. Valvu ileile inaziba ikiwa baridi na kuachia ikiwa ya moto. Valvu iliyopinda huvuja wakati wote, na siti iliyopasuka hali kadhalika. Kinachovuja kwa joto tu ni valvu inayozuiwa kufunga.

Nikafungua kava. Alama za taimingi zilikuwa sawa. Nikachukua fila geji, vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya.

Katika injini hii kamshafti hukanyaga kikombe cha tapeti, na juu ya kikombe kuna shimu, kisahani cha chuma kigumu ambacho unene wake ndio unaoamua nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya kamshafti na shimu valvu ikiwa imefunga. Hakuna skrubu ya kurekebishia. Kipimo cha mtengenezaji, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa inleti na 0.25 hadi 0.35 kwa ekzosi. Valvu za ekzosi za silinda ya 2 zilikuwa na 0.05 na 0.10. Za silinda ya 3, 0.08 na 0.10. Ile ya 0.05 ilinifanya nirudie mara kadhaa, maana fila nyembamba ilipita kwa kukwaruza, ukihisi kabisa kwenye vidole kwamba imebanwa pande zote. Ekzosi za silinda ya 1 na ya 4 zilikuwa kati ya 0.20 na 0.22, na inleti karibu zote zilikuwa 0.12 hadi 0.15. Katika valvu 16, hakuna hata moja iliyokuwa imelegea. Zote zimesogea upande mmoja, na hilo linakuambia kwamba si valvu moja iliyoharibika. Ni hatua nzima ya kazi iliyorukwa.

Sababu iko kwenye siti. Siti inapokatwa, valvu inakaa ndani zaidi ya hedi kuliko zamani. Kichwa chake kikipanda juu kwa robo ya milimita, na mkia wake unapanda robo ya milimita kuelekea kwenye kamshafti, na nafasi ya tapeti inapungua kwa kiasi hichohicho. Kusaga uso wa valvu kunaongeza kidogo juu yake. Kuskimi hedi hakuhusiki hapa, kwa kuwa kamshafti na valvu zote zimo kwenye hedi ileile na umbali kati yake haubadiliki. Fundi wa mashine alifanya kazi yake: siti iliyoliwa lazima ikatwe mpaka uso safi upatikane, na siti za katikati, ambazo ndizo zilizoungua zaidi gari lilipochemsha, zilihitaji kukatwa zaidi. Aliyefunga hedi naye alipanga shimu kwa uangalifu, kila moja mahali ilikotoka. Huo ni utaratibu sahihi kabisa pale ambapo siti hazikuguswa. Zikikatwa, shimu za zamani ni mahali pa kuanzia tu. Tapeti lazima zipimwe upya zote.

Joto linamalizia kilichobaki. Chini ya mzigo kichwa cha valvu ya ekzosi hupita nyuzi 700 za Selsiasi, wakati hedi inayopozwa na maji iko karibu na nyuzi 90. Valvu inarefuka kuliko hedi inavyotanuka. Milimita 0.30 zimewekwa hapo kwa ajili ya urefu huo. Ukiwa na 0.05, shimu inaigusa kamshafti kabla injini haijafika joto lake, na kuanzia hapo valvu inaning'inia kwenye kamshafti badala ya kukaa kwenye siti. Na kwa kuwa valvu ya ekzosi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia siti, ile isiyokaa haipoi, inazidi kurefuka, inavuja moto pembeni, na mwisho wake ni kuungua ukingo. Ndiyo maana ushauri wa "endelea kuendesha" ulikuwa wa hatari kwa gari hili kuliko ushauri mwingine wote aliopewa.

Kuna jambo ambalo mwenye gari alilitaja kama sifa: injini ilikuwa kimya sana tangu itoke ovaholi. Tapeti iliyolegea hugonga na kila mtu huisikia. Tapeti iliyobana haina sauti. Nikisikia injini yenye tapeti za shimu iliyotoka kukatwa siti ikiwa kimya kupita kawaida, hiyo kwangu ni sababu ya kutoa fila geji. Injini zenye tapeti za oili, zinazojirekebisha zenyewe, huwa na unafuu hapa, ingawa siti ikikatwa kupita kiasi hata hizo huishiwa nafasi.

Hesabu ya shimu ni nyepesi. Chukua unene wa shimu iliyopo, ongeza nafasi uliyoipima, toa nafasi unayoitaka. Valvu ya 0.05 ilikuwa na shimu ya 2.95. Jumla ni 3.00, toa 0.30, inabaki 2.70. Jirani yake wa silinda ya 3, yule wa 0.08, alikuwa na shimu ya 2.90. Jumla ni 2.98, ukitoa 0.30 unapata 2.68. Shimu hizi huuzwa kwa hatua za 0.05, kwa hiyo ni ama 2.70, inayoacha 0.28, ama 2.65, inayoacha 0.33. Zote zimo ndani ya kipimo. Mimi nilichagua 2.65. Siti iliyokatwa karibuni bado itajikandamiza na valvu itaendelea kupanda kidogo, kwa hiyo kwenye ekzosi hupenda kuanza na upande mpana.

Pima kila shimu kwa maikromita, hata kama namba iliyoandikwa bado inasomeka. Nilikuta moja imeandikwa unene ambao haina tena kwa sababu imeliwa. Na usiende kununua zote 16 kabla ya kuzipanga mezani na kuona zipi zinaweza kuhama, kwani shimu inayokuwa nene kwa valvu moja mara nyingi inaitosha nyingine. Maandishi yaangalie chini, upande wa kikombe, ili kamshafti isiyafute. Baada ya kufunga, krenki ilizungushwa kwa mkono mizunguko kadhaa ili shimu zikae, na tapeti zote zikapimwa tena kuanzia mwanzo. Mbili zilihitaji hatua moja zaidi.

Injini ilipowaka, sauti yake ilibadilika. Kulikuwa na mlio mwepesi wa tapeti katika dakika za kwanza, na mwenye gari akashtuka. Nikamwambia, "Mzee, huo ndio mlio wake, ulikuwa umenyimwa." Tuliendesha kwa zaidi ya nusu saa, pamoja na mlima uliokuwa unamshinda, kisha nikairudisha kwenye geji ya vakyumu injini ikiwa ya moto. Mshale ulikaa kwenye 19 bila mdondoko. Hesabu ya misi kwenye kompyuta ilikaa sifuri kwa silinda zote, na nyongeza ya mafuta ikarudi karibu na sifuri yenyewe bila mtu kugusa pampu wala nozeli.

Kompresheni ya moto: 186, 168, 176, 184. Uvujaji wa silinda ya 3 ulishuka hadi asilimia 10. Silinda ya 2 ulishuka hadi 16, na bado pumzi kidogo ilikuwa inasikika kwenye ekzosi. Hapo kulikuwa na uamuzi wa kufanya. Valvu ile ilikuwa imeendeshwa ikivuja, na inawezekana ukingo wake ulianza kuungua. Kufungua hedi kuisaga tena ni kazi kubwa na gasketi nyingine. Niliingiza kamera ndogo kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa chini na valvu ikiwa wazi, nikautazama ukingo kwa zamu. Kulikuwa na masizi na rangi isiyo sawa, lakini hakukuwa na pengo wala ufa. Nilishauri hedi isifunguliwe. Gari liendeshwe kawaida, mizunguko ikipandishwa na kushushwa bila kulilazimisha, na lirudi baada ya kilomita 1,500 lipimwe tena wakati wa kubadilisha oili.

Liliporudi, silinda ya 2 ilikuwa inapoteza asilimia 9 ikiwa ya moto. Tapeti iliyowekwa 0.30 ilisoma 0.27, na ile ya silinda ya 3 iliyowekwa 0.33 ilisoma 0.31. Nyingine hazikusogea kwa kiasi cha kupimika. Kwenye kadi ya huduma ya gari nimeandika vipimo vyote 16 pamoja na unene wa kila shimu, na hizo mbili zimewekewa alama zipimwe tena kwenye kilomita 10,000.